Maji ya bwawa na afya ya mtoto wako: mambo ya kujua kabla hujachota

"Nesi, bwawa likikamilika tutaacha kuchemsha maji?"

Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja siku ya kliniki hapa Zinga, tangu watu waanze kusikia habari za Bwawa la Kidunda kwenye redio. Ni swali zuri. Mama anayeuliza hivyo amechoka kununua mkaa wa kuchemshia maji, amechoka na dumu la maji lenye chumvi la kisimani, na angependa kusikia kwamba shida imekwisha.

Jibu langu ni hili: bwawa hutunza maji, lakini haliyasafishi. Likikamilika tutakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata maji wakati wa kiangazi, na hiyo ni faida kubwa kwa afya ya mtoto. Ila maji yaliyotunzwa bado yanahitaji kusafishwa mitamboni, na yakifika nyumbani yanahitaji mkono wako. Pia maji yaliyosimama huleta hatari zake ambazo mto unaokwenda kasi hauna sana. Makala hii inakueleza hatari hizo na namna ya kumkinga mtoto.

Maji yetu yanatoka wapi?

Wengi wetu wenye bomba katika wilaya ya Bagamoyo tunakunywa maji ya Mto Ruvu. Mto huu unaanzia Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, unapita Mlandizi, kisha unamwaga maji baharini karibu na mji wa Bagamoyo. DAWASA ina mitambo miwili mikubwa juu ya mto huo. Ruvu Juu iko Mlandizi. Ruvu Chini iko upande wetu wa Bagamoyo, na ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Maji hayo yanagawanywa kati ya watu wa Pwani na wa Dar es Salaam.

Mitambo hii huchota maji moja kwa moja mtoni. Mvua ikikosekana, mto hupungua na mitambo nayo hupunguza uzalishaji. Bila shaka unakumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, mgao ulipotangazwa na ndoo ya maji ikapanda bei. Ndiyo sababu Serikali inajenga Bwawa la Kidunda huko juu, Morogoro Vijijini. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Novemba 2022, na bwawa limepangwa kuhifadhi takribani lita bilioni 190. Maji ya masika yatawekwa akiba, kisha yataachiwa kidogo kidogo kiangazi ili Ruvu isikauke.

Lakini hata leo, sehemu ya maji ya Ruvu hupitia bwawa. Ngerengere, mto unaoingia Ruvu, umezuiwa karibu na mji wa Morogoro na Bwawa la Mindu. Bwawa hilo lilijengwa kwa tuta la udongo na kukamilika miaka ya 1980, na ndilo tegemeo kubwa la maji ya bomba mjini Morogoro. Yanayofanyika Uluguru na Mindu yanaweza kuonekana katika maji ya mto huku chini.

Bwawa la udongo likoje?

Ukisikia bwawa usifikirie lazima ukuta wa zege. Mabwawa mengi ya nchi yetu, pamoja na malambo madogo ya vijijini, ni matuta ya udongo. Udongo hushindiliwa tabaka kwa tabaka kukatiza mto au bonde. Katikati huwekwa udongo wa mfinyanzi, kwa sababu haupitishi maji kirahisi. Upande unaopigwa na mawimbi hupangwa mawe. Pembeni huachwa njia ya kupitishia maji yanayozidi, kwa sababu maji yakimwagika juu ya tuta lenyewe yatalimega, na tuta la udongo likianza kumegeka linaweza kuondoka lote.

Kwa hiyo ukiishi karibu na bwawa au lambo, usiruhusu watoto kuchimba tutani, na usipande miti juu yake, maana mizizi hufungulia maji njia. Ukiona maji yanatoka upande wa chini wa tuta, hasa yakiwa na tope, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa siku hiyo hiyo.

Maji ya bwawa la namna hii huenda njia mbili. Moja ni bomba, kuelekea kwenye mitambo ya kusafisha. Nyingine ni mto na mifereji, kuelekea mashambani. Bonde letu la Ruvu lina wakulima wa umwagiliaji, wakiwemo wa mpunga wa ushirika wa CHAURU. Kumbuka tofauti hii: maji ya bomba yamepita kwenye dawa, maji ya mfereji hayajapita popote. Kwa macho yanaweza kufanana kabisa.

Maji yakisimama, nini kinabadilika?

Mto unapozuiwa, maji hupunguza mwendo. Tope hutua chini, na hilo ni jambo jema. Lakini pembeni huota majani, konokono hupata makazi, mbu hutaga mayai, na watoto hupata mahali pa kuogelea. Mifugo nayo huja kunywa na kuacha kinyesi. Mvua kubwa ikinyesha, udongo, mbolea na uchafu wa vyooni husombwa kutoka mashambani na vijijini kuingia humo.

Kwa hiyo maji hayo yanaweza kumdhuru mtoto kwa njia nne: akiyanywa, yakimgusa ngozi, akiumwa na mbu waliozaliwa humo, na akizama. Tuzitazame moja moja.

1. Maji ya kunywa

Mitamboni, maji ya mto hutiwa dawa inayokusanya tope ili lizame, huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Yakitoka pale ni salama. Safari ya kuja kwako ndiyo yenye mitego. Mgao ukikata maji, bomba hubaki tupu, na kama lina tundu, maji machafu ya ardhini huingia. Halafu kuna dumu lisilooshwa, jaba lisilo na mfuniko, na kikombe ambacho kila mtu anakitumbukiza. Maji mengi yanayoharisha watoto yamechafukia nyumbani.

Fanya hivi:

- Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache ya kwanza yenye rangi yatoke. Yatumie kudekia au kumwagilia.
- Maji yenye tope yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Wazee wetu hutumia mbegu za mlonge kutuliza tope, na kweli zinasaidia. Lakini maji kuwa maangavu si kuwa salama. Bado unahitaji kuua vijidudu.
- Yachemshe mpaka yatokote kabisa, walau dakika moja, kisha yafunike yapoe.
- Kama mkaa ni ghali, tumia vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa.
- Ukikosa vyote viwili, jaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6. Siku za mawingu iache siku mbili.
- Hifadhi maji ya kunywa kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Kama huna koki, chota kwa kata yenye mpini mrefu, na kata hiyo ikae juu, isikae chini sakafuni.

Kuchemsha na vidonge haviondoi chumvi. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, yatumie kufulia, na tafuta mengine ya kunywa.

Mtoto chini ya miezi 6 haitaji maji kabisa, hata siku za jua kali. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Najua bibi atasema koo linamkauka. Mwambie kwa heshima kwamba nesi amekataza.

2. Maji yanayogusa ngozi: kichocho

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu mtoto hahitaji kunywa maji ili apate kichocho. Inatosha kuingiza miguu.

Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai hutoka na mkojo. Yakipasuka, viini huingia kwenye konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya bwawa, mfereji au kijito. Humo huzaliana, kisha vijidudu vingi hutoka na kuogelea, hasa jua likiwa juu, wakati huo huo watoto wako majini. Hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mtoto anaweza kuwashwa kidogo au asihisi chochote.

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa darasa la nne aliyekuwa ametoka likizo kwa babu yake, mkulima wa mpunga bondeni. Mtoto alikuwa akikojoa damu mwishoni mwa mkojo kwa miezi kadhaa. Hakusema, kwa sababu babu alimwambia ni dalili ya kukua, hata yeye alipitia. Yule mama alilia. Alikuwa ameona doa kwenye kaptula akadhani ni uchafu wa mchezo. Nilimwambia ninachokuambia na wewe: babu hakuwa na nia mbaya, lakini mkojo wa damu si kukua. Ni ugonjwa, na una dawa. Vipimo vilionyesha kichocho, akapata dawa, na baadaye alirudi mkojo ukiwa safi.

Kichocho kisipotibiwa humpunguzia mtoto damu, humchosha darasani, na baada ya miaka huharibu kibofu na figo. Kwa wasichana na wanawake mayai hukaa pia kwenye uke na mlango wa kizazi. Huleta uchafu ukeni, maumivu na kutokwa damu, na huongeza hatari ya kupata VVU. Wapo mabinti wanaotukanwa kuwa wana magonjwa ya zinaa kumbe walichotia miguu ni mfereji wa mpunga. Binti yako akikueleza dalili hizi, msikilize kwanza. Usimhukumu. Njoo naye kituoni, na umwambie mhudumu kama amewahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji ya bwawa, mto au mfereji.

Dawa yake inaitwa praziquantel. Hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu, na ni vizuri mtoto awe amekula. Shuleni hugawiwa katika kampeni za kingatiba, kwa hiyo siku hiyo mpe mtoto uji au chakula kabla hajaondoka, na usimfiche nyumbani. Asiyesoma asisahauliwe: mlete kituoni. Hata mjamzito anaweza kuitumia baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa ushauri wa mhudumu. Ukiletwa kupima mkojo, sampuli nzuri ni ya kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi muda huo.

Dawa inatibu, lakini haizuii. Mtoto akirudi majini, kichocho kinarudi. Kwa hiyo:

- Usimwogeshe mtoto bwawani, mferejini wala kwenye dimbwi. Chota maji, mwogeshee nyumbani.
- Maji ya bwawa ya kuogea yachemshe kwanza, au yaache kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa siku mbili nzima. Vijidudu vya kichocho vitakufa. Maji hayo bado si ya kunywa.
- Anayelima mpunga avae mabuti ya mpira akiweza.
- Mfundishe mtoto kwamba kukojoa au kujisaidia majini ni kumtegea mwenzake ugonjwa. Choo kinachotumiwa na kila mtu ndicho kinachokata mzunguko.

Kwa watoto wetu wa pwani nina habari njema moja: baharini hakuna kichocho, kwa sababu konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi. Hatari iko kwenye maji baridi.

Haya si vitisho vya kubuni. Nchini Senegal, Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 karibu na mdomo wa Mto Senegal ili kuzuia maji ya bahari yasipande mtoni na kupata maji baridi ya umwagiliaji. Mashamba yalinufaika. Lakini maji yalipoacha kuwa na chumvi, konokono wakastawi, na ndani ya miaka michache mji wa Richard-Toll ukakumbwa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao kabla ya hapo haukuwa tatizo pale. Somo si kwamba mabwawa yasijengwe. Somo ni kwamba vyoo, dawa na elimu vinapaswa kwenda pamoja na bwawa, visingoje watoto waanze kuugua.

3. Mbu

Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotulia: kingo za bwawa, majaruba ya mpunga, madimbwi chini ya koki inayovuja, hata nyayo za ng'ombe. Lala na mtoto ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi. Mjamzito anatakiwa kupewa chandarua kliniki anapoanza hudhurio, na mtoto anapopata chanjo ya surua. Kama hukupewa, uliza.

Mtoto akipata homa, asipewe dawa ya malaria ya kubahatisha. Apimwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi ikishindikana kabisa.

Funika majaba pia. Mbu wa homa ya dengue hupenda maji ya ndani ya vyombo vya nyumbani, na huuma mchana.

4. Kuzama

Hili halizungumzwi kliniki mara nyingi. Kingo za bwawa la udongo huteleza, na kina hubadilika ghafla. Kwetu Zinga hakuna bwawa kubwa, lakini tuna mashimo yaliyochimbwa mchanga na kokoto ambayo hujaa maji masika, na tuna visima visivyo na mfuniko. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo, na huwa hapigi kelele.

Funika visima na majaba. Mtoto wa chini ya miaka mitano asitumwe kuchota maji, wala asiachiwe mtoto mwenzake kumwangalia karibu na maji. Mashimo yaliyoachwa wazi yapelekeni kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya masika.

Mtoto akiharisha

Hata ukifanya yote haya, kuna siku ataharisha. Usisubiri. Yeyusha pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, mpe kidogo kidogo baada ya kila choo, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Njoo kituoni upate vidonge vya zinki, vitumike siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha.

Mkimbize kituoni mara moja ukiona:

- macho yamedidimia, au analia bila machozi
- hawezi kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- choo kina damu, au ni kingi kama maji ya mchele
- amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, au amepata degedege

Huu si wakati wa kungoja baba arudi na nauli. Mwite jirani.

Tunachoweza kufanya pamoja

Kuna mambo yasiyo mikononi mwako peke yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Mtu anapolima mpaka kwenye ukingo wa mto au bwawa, udongo wake huingia majini, bwawa hujaa tope na kubeba maji machache kila mwaka, na mitambo hutumia dawa nyingi zaidi. Una haki ya kulisema hilo kwenye mkutano. Una haki pia ya kuuliza shule ya mwanao ina matundu mangapi ya vyoo, na kingatiba ya kichocho itakuja lini.

Kwa yule mama aliyeniuliza kama tutaacha kuchemsha maji, nilimjibu hivi: "Bwawa litakuletea maji, mama. Kuyafanya yawe ya mtoto ni kazi yako na yangu." Alicheka, akasema basi ataendelea kununua mkaa. Nikampa vidonge vya kuanzia, na nikamwonyesha namna ya kuvitumia.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, au njoo siku ya kliniki. Na leo jioni fanya jambo moja tu: muulize mwanao mkojo wake una rangi gani. Muulize taratibu, bila ukali, ili asikufiche.